Yoga ya Sebuleni: Mazoezi Hutokana na Kuzoea

Siku tuliyomzika baba yangu kijijini Butere, Disemba 2021, nilishindwa kuinama. Sala zilikuwa zimekwisha, na zamu ya wana wa marehemu kutia udongo kaburini ikafika. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo macho ya watu yalikuwa kwangu kwanza. Nilikunja kiuno kidogo, nikahisi kana kwamba msumari umepigiliwa chini ya uti wa mgongo, nikabaki pale nusu wima nusu nimeinama, mkono ukining'inia juu ya lundo la udongo nisioweza kuufikia. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, alitambua kabla ya wengine. Alichota udongo, akaniwekea kiganjani, nami nikaumwaga. Waliosimama mbali walidhani ni huzuni iliyonikakamaza. Niliwaacha wadhani hivyo.

Nimeanza na kisa hicho, msomaji mpenzi, kwa sababu makala haya yanahusu yoga, na najua fika kwamba neno hilo likitajwa wapo watakaogeuza ukurasa. Wengi wetu tunaamini kuwa hayo ni mambo ya wageni wa Karen na Lavington, au ya watu waliokwisha kula wakashiba na sasa wanatafuta la kufanya. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikra hiyo kwa miaka mingi, na niliitetea kwa ufasaha.

Mgongo wangu uliharibika katika kazi ya halali. Mhadhiri wa isimu hukaa. Hukaa akisoma, hukaa akisahihisha insha 200 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hukaa katika matatu saa nzima kwenda kazini na saa nzima kurudi, kisha hufika nyumbani akakaa tena, safari hii akiita kukaa huko mapumziko. Wala si maradhi ya kunionea fahari upweke: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliumwa na mgongo wa chini, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Daktari aliyenipima baada ya mazishi hakuona la kupasua. Alinieleza kwa upole kwamba vidonge vya kutuliza maumivu haviwezi kumfundisha mtu kuinama, na kwamba kitanda nilichokuwa nikikikimbilia kila nikiumwa ndicho kilichokuwa kikinizidishia ukakamavu. Niende kwa miguu, ninyooshe viungo, na nikiweza, nijaribu yoga.

Januari 2022 nikaanza, kwa pupa ya Januari. Nilinunua mkeka wa mpira wa rangi ya zambarau kwa bei iliyomfanya mke wangu aiulize mara mbili. Nikaapa kufanya saa nzima kila siku, nikifuata video ya mwanamke mmoja wa California ambaye, nina hakika, hana mifupa. Siku ya tatu nilivuta msuli wa nyuma ya paja. Siku ya tisa nilikunja mkeka nikausimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, ambako ulikaa ukinitazama kwa miezi mitano.

Jaribio la pili lilikuwa darasa la jioni kule Westlands. Hapa sina budi kueleza jiografia kidogo. Kinoo, ninakokaa, ni mji ulio kando ya barabara ya Waiyaki, ukishapita Kangemi na Uthiru, kabla ya kufika Muthiga. Kwa mujibu wa serikali sisi ni watu wa Kaunti ya Kiambu, eneo bunge la Kikuyu. Kwa mujibu wa riziki sisi ni watu wa Nairobi, maana huko ndiko tunakoamkia kila siku kuitafuta. Aliyetoka kazini katikati ya jiji saa kumi na moja jioni, akashuka Westlands kujinyoosha, akatoka huko saa mbili kasoro robo na kuanza kupigania nafasi ya matatu ya kumpandisha Kinoo, hufika nyumbani akiwa amekunjika upya kuliko alivyokuwa kabla ya kunyooshwa. Nilidumu wiki sita. Kodi ya nyumba, karo ya watoto na mvua ya Novemba zilinisaidia kupata udhuru.

Hata hivyo sikutoka Westlands mikono mitupu. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kangemi, aliyeanza kama mwanasarakasi. Vijana wa namna yake wameongezeka Nairobi tangu mwaka 2007, wakati Mmarekani Paige Elenson alipoanzisha hapa shirika la Africa Yoga Project, lililowafunza vijana wa mitaa ya jiji kuwa walimu wa yoga, nao wakayapeleka masomo hayo mpaka mitaa ya mabanda na magerezani. Kijana huyu alikuwa na heshima ya watu wa zamani. Tatizo ni kwamba heshima hiyo ilikuja na cheo. "Mzee, usijilazimishe. Mzee, pumua." Nina miaka 47. Darasani kwangu huitwa Daktari, na nilipata cheo hicho kwa jasho. Pale nilikuwa mzee asiyejua mguu wake wa kushoto uko wapi. Jioni moja, watu walipokuwa wakikunja mikeka, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee, wewe unakuja hapa kufanya mtihani. Nenda nyumbani ufanye kidogo, kila siku, mpaka uchoke kujihurumia."

Neno lake hilo la kidogo kila siku ndilo lililonirudisha kwenye taaluma yangu, na naomba radhi kwa msomaji asiyependa sarufi, sitakawia.

Kiswahili kina neno mazoezi. Tunalitamka kila siku bila kulichungua. Limetokana na kitenzi zoea. Zoezi, kwa asili yake, ni jambo la kumfanya mtu azoee. Jasho, kishindo na mafanikio havimo katika mzizi wa neno. Babu zetu walioliunda hawakutuambia tufanye kwa nguvu. Walituambia tufanye mpaka lisiwe geni tena. Mimi nilikuwa nikitafuta mazoezi yasiyo na kuzoea, na hayo, hata kwa kanuni za lugha tu, hayapo.

Tuchukue na uradidi, yaani ule mtindo wa kulirudia neno mara mbili. Kutembea ni kazi. Kutembeatembea ni jambo jepesi. Mtu anayelia amefikwa. Anayelialia ana visononeko vya hapa na pale. Kitenzi cha Kiswahili kinaporudiwa, mara nyingi nguvu yake hupungua na idadi yake huongezeka. Nimewafundisha wanafunzi kanuni hiyo kwa miaka kumi na tano bila kufikiri kwamba inanihusu. Kujinyoosha kulinishinda. Kujinyooshanyoosha, labda, ningekuweza.

Kisha nikaenda maktaba, kwa kuwa mtu wa kazi yangu akishikwa na jambo huko ndiko anakokimbilia. Neno yoga ni la Kisanskriti, kutokana na mzizi yuj, kufunga pamoja kama ng'ombe wafungwavyo nira; ni ndugu wa damu wa neno la Kilatini iugum, lenye maana hiyo hiyo ya nira. Kitabu kinachotajwa zaidi katika elimu hiyo, Yoga Sutra, kinanasibishwa na Patanjali. Na Patanjali ni jina ambalo mwanaisimu yeyote analijua, kwa sababu ndilo jina la mwandishi wa Mahabhashya, ufafanuzi mkubwa wa sarufi ya Panini ulioandikwa yapata karne ya pili kabla ya Kristo. Mapokeo ya Kihindi yanasema ni mtu mmoja, aliyesafisha usemi wa watu kwa sarufi na nia zao kwa yoga. Wataalamu wengi wa leo wanasema ni watu wawili waliopishana kwa karne kadhaa. Nawaamini wataalamu, ingawa moyo wangu uko upande wa mapokeo.

Kilichonisimamisha pale maktabani ni neno abhyasa. Katika Yoga Sutra hilo ndilo jina la mazoezi yenyewe, juhudi ya kurudia. Na Patanjali anaeleza kwamba juhudi hiyo hutia mizizi ikifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo. Lakini katika sarufi ya Panini, neno hilo hilo abhyasa ni istilahi ya uradidi: ni ile silabi ya kwanza inayorudiwa, kama da ya mwanzo katika dadami, ninatoa. Neno moja, kwa mnyooshaji viungo na kwa mchambuzi wa vitenzi! Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi wa maktaba akanitazama.

Ndipo Machi 2023 nikaanza mara ya tatu. Dakika kumi na tano, sebuleni kwangu Kinoo, saa kumi na moja na robo alfajiri, kabla ya watoto kuamka na kabla ya makanga wa stendi kuanza kuita abiria. Sharti lilikuwa moja: nikishaweka sufuria ya maji ya chai jikoni, natandaza mkeka. Sikungoja nijisikie kutaka. Chai ndiyo iliyoniamrisha.

Hili la chai silisemi kwa mzaha. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliochagua kila mmoja tendo dogo la kufanya kila siku baada ya jambo fulani la kawaida, kama vile baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani tendo lilichukua siku 66 kuwa la mazoea. Kwa wengine siku 18 zilitosha, na kwa wengine ilikadiriwa zingehitajika 254. Na ambalo lilinifariji zaidi: kuruka siku moja hakukuharibu jambo kwa kiasi kikubwa. Zile siku tisa zangu za Januari 2022 hazikuwa ushahidi wa tabia mbovu. Zilikuwa chache tu.

Na nafanya nini katika robo saa hiyo? Machache. Nasimama wima, nyayo zikikanyaga sakafu sawasawa, nahesabu pumzi kumi. Naweka viganja ukutani, nasukuma makalio nyuma mpaka mgongo ulale kama meza. Wenye viungo laini huweka viganja chini, mimi ukuta wanitosha. Napiga magoti na kukita mikono sakafuni kama mtoto atambaaye, nauinua mgongo kama paka aliyeshtuka, kisha naushusha. Nakalia visigino, nainamisha paji la uso mbele. Paji langu halikufika chini, hivyo nikatafuta kitu cha kuliegemeza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilikuwa nyembamba mno. Tasnifu yangu ya uzamifu, kurasa 412 na jalada gumu, ilikuwa ya kimo hasa kilichohitajika, na naamini haijapata kumfaa mtu yeyote kwa namna dhahiri kama hiyo.

Asije mtu akaona haya kwa vikorokoro kama hivi. B.K.S. Iyengar, Mhindi ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 kiliisambaza yoga katika nchi za Magharibi, alizaliwa 1918 wakati wa tauni ya homa ya mafua, akakua dhaifu, akiandamwa na malaria na kifua kikuu. Yeye ndiye aliyezoesha walimu kutumia matofali ya mbao, mishipi, viti na kamba, ili mwili mkavu usaidiwe kufika pale unapoweza. Aliishi miaka 95.

Mikao hii tunaitaja kwa Kiingereza madarasani, na hilo linaniudhi kikazi. Asana, jina la Kisanskriti la kila umbo la mwili katika yoga, limetokana na mzizi wenye maana ya kukaa. Kiswahili kina mkao, kutoka kaa, tayari mkononi. Tena kaa yetu ni pana: nakaa kitini, nakaa Kinoo, viatu hivi vimekaa miaka mitatu. Kuketi, kuishi na kudumu katika kitenzi kimoja. Walimu wetu vijana wangeanza kusema mkao wa mlima, mkao wa mtoto, mkao wa paka, wanafunzi wao wa Kawangware na Kangemi wasingehisi wameingia nyumba ya watu.

Kuhusu manufaa, nitasema kwa uaminifu, maana nimechoka na wauzaji. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalikusanya majaribio 21 yenye wagonjwa zaidi ya 2,000 wa mgongo sugu. Waliofanya yoga waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kidogo kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, na maumivu yao yalipungua kwa kiasi kidogo mno. Walipolinganishwa na waliofanya mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwapo. Wapo pia walioumia zaidi kwa yoga yenyewe. Kwa hivyo anayependa kutembea na atembee. Mwenye shinikizo la damu au la jicho asipinduke kichwa chini bila kumwona daktari. Mimi nimechagua yoga kwa sababu inaingia sebuleni, na kwa sababu ya pumzi. Kiswahili kinajua jambo hili pia: kupumzika kumetoka kwenye pumzi. Mtu asiyepata pumzi zake hajapumzika, hata akilala siku nzima.

Palibaki suala la dini, na hilo halikwepeki Kinoo, ambako ni nadra kutembea dakika tano bila kupita kanisa. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mzee wa kanisa na mtu mwema, aliniuliza kwenye ngazi kama ni kweli nafungulia pepo mlango. Sikumwambia kwamba yoga ni mazoezi tu kama kuruka kamba. Huo ungekuwa uongo, kwani mizizi yake imo katika dini na falsafa za Bara Hindi. Nilimwambia kwamba Januari ni mwezi wa Janus, mungu wa milango wa Warumi, na kila mwaka tunaufungua kwa mkesha kanisani bila kumwabudu. Asili ya neno haimfungi msemaji wake. Tena Wahindi hatukuwaokota jana: maelfu walijenga reli kati ya 1896 na 1901, na mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa jamii ya 44 ya taifa hili. Tunakula chapati zao kila Krismasi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Daktari, wewe una maneno," akapanda zake. Nilielewa kwamba nimeshinda hoja na kushindwa kumtuliza. Mtu ambaye dhamiri yake inamkataza, amwachie yoga anayeiweza; wako wanaojinyoosha kwa majina mengine na mgongo hauulizi jina.

Mama alikuja kukaa nasi Agosti mwaka ule wa 2023, kwa ajili ya macho yake. Sikuwa nimemweleza chochote. Mkao wa mwisho, ambao Kisanskriti huuita savasana, ni kulala chali bila kutikisika; sava maana yake ni maiti. Asubuhi ya pili mama aliamka kwenda msalani, akafungua mlango wa sebule, akamkuta mwanawe mkubwa amelala sakafuni katika kiza, mikono imenyooka, macho yamefumbwa. Ilikuwa miezi ishirini tangu azike mume. Ukelele alioutoa uliamsha ghorofa zote nne.

Tulipokwisha kumtuliza, alikaa kitini na leso mabegani akaninyamazia. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kaburini, ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu.

"Nilikuona," akasema. "Nilijua si machozi. Lakini mwanangu, usilale hivyo tena nikiwa katika nyumba hii."

Tangu siku hiyo mkao wa maiti kwangu nimeufuta. Namalizia nimekaa, mgongo ukutani.

Disemba iliyofuata tulikwenda Butere kusafisha kaburi. Nilikunja magoti, nikashuka, nikang'oa magugu upande mzima wa kichwani kwa mikono yangu. Mpwa wangu, ambaye sasa ananipita kimo, alishughulikia upande wa miguuni. Jioni mgongo uliniuma vya kutosha. Kesho yake alfajiri mama alikuwa ameniwahi jikoni, maji ya chai yakiwa motoni. Nilitandaza mkeka wa ukindu, maana ule wa zambarau ulibaki Kinoo, naye akavuta kiti chake mpaka mlangoni, akakaa, akaanza kunihesabia pumzi kwa sauti. Anahesabu haraka mno, na hataki kusahihishwa.